Kupima methani ya maziwa yetu wakati joto linapoongezeka: njia tano na mahali inapofaa kila moja

Mtu anayetaka kujua ongezeko la joto linafanya nini kwa methani, gesi inayochangia kuipasha dunia joto, inayotoka katika Ziwa Duluti, Ziwa Chala au Bwawa la Nyumba ya Mungu hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla hajagusa maji: atapima kwa njia ipi. Mara nyingi uamuzi huo hufanywa na kifaa kilichopo stoo au na fedha zilizobaki kwenye bajeti. Hilo linaeleweka, lakini lina hatari yake, kwa sababu kila njia huona sehemu moja tu ya safari ya gesi hii, ilhali joto huigusa safari hiyo mahali pengi. Anayechagua kifaa kabla ya swali anaweza kufanya kazi ya mwaka mzima kwa uaminifu mkubwa na bado akakosa lile alilotaka kulijua.

Makala haya yanalinganisha njia tano zinazoweza kutumiwa na wanafunzi, watafiti na wataalamu wa maji walioko Arusha na Moshi. Setilaiti nimeziacha kando, kwa kuwa uso wa maji hurudisha mwanga hafifu mno katika mawimbi yanayotumika kuitambua methani, na ziwa dogo kama Duluti haliwezi kutenganishwa na nchi kavu inayolizunguka.

Joto linaigusa wapi methani

Methani ya ziwani hutengenezwa na viumbe wadogo waitwao arkea, waishio katika tope lisilo na oksijeni, ambako humalizia kazi ya kuozesha majani, mwani na mabaki mengine yaliyozama. Kutoka hapo gesi ina njia tatu kuu za kutokea. Huyeyuka majini na kupanda polepole hadi juu, hukusanyika topeni na kuchomoka kama mapovu, au hupita ndani ya mashina ya mimea kama matete na mafunjo. Gesi iliyoyeyuka hukutana njiani na bakteria wanaoila mahali penye oksijeni, na sehemu kubwa yake inaweza kuishia hapo. Povu linalotoka kina cha mita mbili hufika juu kwa sekunde chache na bakteria hao hawalipati.

Athari ya kwanza ya joto ni kuwaharakisha arkea. Mwaka 2014 mtafiti Yvon-Durocher na wenzake walikusanya vipimo kutoka mazingira mengi ya majini wakaonyesha kwamba methani hupanda kwa kasi ambayo, kutoka nyuzijoto 0 hadi 30 za Selsiasi, hufikia takriban mara 57. Uhusiano huohuo ukiutumia katika maji yenye nyuzijoto 25, ambayo ndiyo yanayotuhusu, kila nyuzijoto 1 ya ziada huleta ongezeko la karibu asilimia 13. Aben na wenzake, mwaka 2017, waliyaangalia mapovu peke yake wakapata ongezeko la asilimia 6 hadi 20 kwa kila nyuzijoto 1. Upana wa tarakimu hizo wenyewe ni taarifa, kwani unaonyesha kwamba maziwa hayaitikii joto kwa namna moja, na ziwa linalopokea mbolea na mabaki mengi huwa na chakula cha kutosha kwa arkea kuongeza kasi, wakati ziwa maskini wa virutubisho huishiwa mapema.

Athari ya pili haizungumzwi sana, na kwa maziwa ya tropiki naiona kuwa na uzito uleule. Maji yakipashwa kutoka nyuzijoto 25 hadi 26, msongamano wake hupungua takriban mara kumi zaidi ya unavyopungua yakitoka nyuzijoto 5 hadi 6. Kwa hiyo tofauti ndogo ya joto kati ya juu na chini, ambayo katika ziwa la Ulaya isingekuwa kitu, hapa kwetu inatosha kuyapanga maji katika matabaka yasiyochanganyika. Oksijeni ikishindwa kushuka, eneo la arkea hupanuka na methani hulundikana chini. Mwaka 2003 tafiti mbili zilizochapishwa kuhusu Ziwa Tanganyika zilieleza jinsi kupashwa kwa tabaka la juu kulivyopunguza mchanganyiko wa maji yake.

Hata hivyo, methani iliyolundikana si lazima itoke. Ziwa Kivu limebeba kilindini takriban kilomita za ujazo 60 za methani, gesi ambayo Rwanda huivuna kuzalisha umeme, lakini gesi inayovuka uso wa ziwa hilo ni kidogo mno kwa sababu karibu yote huliwa ikiwa bado njiani. Asemaye kwamba ziwa linazalisha methani zaidi na asemaye kwamba linatoa methani zaidi wanazungumzia mambo mawili, na kila moja linahitaji kipimo chake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inaona nini, yaani ni sehemu ipi ya safari ya gesi inayonaswa? Inajibu nini kuhusu joto? Inadai nini kwa gharama, kazi na uangalifu, na makosa yake hujificha wapi? Mwisho, inamfaa nani?

Kuna jambo moja linalozihusu zote nalo ni mwinuko. Duluti iko karibu mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni takriban kilopaskali 87, si 101.3 kama vitabu vingi vinavyoanzia. Anayegeuza ujazo wa gesi kuwa kiasi cha methani kwa kutumia kanieneo ya pwani atakuza jibu lake kwa karibu asilimia 17, ambayo ni zaidi ya athari ya nyuzijoto 1 anayoitafuta. Kipimakanieneo kidogo ndani ya mtumbwi huliondoa tatizo hilo kabisa, na sioni sababu ya mtu yeyote kwenda ziwani bila hicho.

1. Chemba inayoelea

*Inaona nini.* Hiki ni chombo kama ndoo pana iliyofudikizwa juu ya maji, yenye maboya pembeni na bomba dogo la kuchukulia hewa. Gesi inayotoka majini hukusanyika ndani, na sampuli huchukuliwa kwa bomba la sindano kila baada ya dakika chache kwa muda wa dakika 20 au 30. Methani ikipanda kwa mstari ulionyooka, hiyo ni gesi iliyoyeyuka. Ikiruka ghafla, povu limeingia. Chemba kubwa ikiwekwa juu ya matete, huona pia gesi inayopitia kwenye mashina.

*Inajibu nini kuhusu joto.* Inaeleza kinachofika hewani, ambacho ndicho kinachohusika na tabianchi. Haielezi kwa nini kimefika. Ukipima Februari wakati wa joto kali na Julai wakati wa kipupwe ukakuta tofauti, bado hujui kama ni joto la tope, ni upepo, ni mwani, au ni mvua za masika zilizoleta udongo mpya ziwani. Katika nchi za baridi, joto la maji hubadilika kwa nyuzi 20 au zaidi ndani ya mwaka, kiasi kwamba athari yake hujitokeza yenyewe. Hapa tofauti ni ya nyuzi chache, na mambo mengine yote hubadilika pamoja nayo, ndiyo maana mchoro wa joto dhidi ya methani wa mwaka mmoja katika ziwa letu unapaswa kusomwa kwa tahadhari kubwa.

*Inadai nini.* Chombo chenyewe hutengenezwa na fundi wa mjini kwa gharama ndogo. Gharama kubwa iko kwenye uchambuzi, kwa kuwa sampuli hupelekwa katika vichupa vyenye vizibo vya mpira hadi kwenye maabara yenye kromatografu ya gesi, yaani mashine inayotenganisha gesi na kupima kiasi cha kila moja. Siku hizi kuna vihisio vya bei nafuu vinavyofungwa ndani ya chemba na kurekodi wakati wote, lakini husumbuliwa na unyevu na joto, hivyo lazima visahihishwe mara kwa mara kwa gesi ya kipimo kinachojulikana. Kingo za chemba ziingie majini sentimita mbili au tatu ili zisivuruge uso wa maji, na juu ifunikwe kwa karatasi ya alumini ili jua lisiipashe hewa ya ndani. Kosa lililozoeleka zaidi ni la ratiba, kwani watu hupima asubuhi ziwa likiwa shwari na kurudi nyumbani saa sita, ilhali upepo huanza mchana na usiku uso wa maji hupoa, hushuka na kuleta juu gesi ya chini.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja, mtumbwi na makubaliano na maabara. Pia yeyote anayetaka tarakimu ya jumla inayoweza kulinganishwa na za maziwa mengine, kwa sababu hii ndiyo njia iliyotumika sana duniani.

2. Faneli ya kunasa mapovu

*Inaona nini.* Ni faneli kubwa iliyopinduliwa, mdomo wake mpana ukitazama chini, ikining'inizwa ndani ya maji kwa boya na nanga. Mapovu hupanda na kukusanyika katika chupa ya juu iliyojaa maji. Huona mapovu peke yake.

*Inajibu nini kuhusu joto.* Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Moshi akae zaidi, hasa anayeshughulika na Nyumba ya Mungu. Katika maji ya kina kifupi mapovu mara nyingi ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya methani, na ndiyo yanayoitikia joto waziwazi, kwa sababu mbili zinazoelekea upande mmoja: tope lenye joto hutengeneza gesi nyingi zaidi, na maji yenye joto huweza kuyeyusha gesi kidogo zaidi, hivyo povu huunda mapema. Lakini povu hutawaliwa pia na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za maji huongeza takriban angahewa moja ya kanieneo, na maji yanaposhuka, hata kwa nusu mita, mapovu yaliyokuwa yamebanwa topeni hupata nafasi ya kutoka. Bwawa hilo linalojazwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu na kufunguliwa kwa ajili ya umeme na umwagiliaji hupanda na kushuka kila mwaka. Faneli isiyoambatana na rekodi ya kina cha bwawa itausingizia ukame kuwa ni joto, au joto kuwa ni ukame. Rekodi za kina huwekwa na wanaosimamia bonde na bwawa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake Moshi, kwa hiyo kuzifuatilia hakuhitaji safari ndefu.

*Inadai nini.* Hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Plastiki ngumu au karatasi ya bati, chupa, kamba, boya na jiwe vinatosha, na ujazo wa gesi husomwa kwa macho kwenye bomba la sindano. Kiasi cha methani ndani ya gesi hiyo lazima kipimwe maabara, kwa kuwa hutofautiana kutoka chini ya nusu hadi zaidi ya asilimia 90. Gesi isikae siku nyingi ndani ya chupa, maana hurudi kuyeyuka na bakteria huila. Ugumu mkubwa ni kwamba mapovu hayatoki sawasawa: faneli moja inaweza kujaa na jirani yake, mita tano pembeni, ikakaa tupu. Ziwekwe nyingi, zigawanywe kwa kina, na hasa penye maji mafupi na kwenye midomo ya mito ambako tope jipya hutua. Wavuvi waambiwe mapema vifaa hivyo ni vya nini, kwani wao ndio watakaovilinda au kuving'oa. Nyumba ya Mungu ina mamba, hivyo hakuna kuingia majini kwa miguu kurekebisha kamba.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye fedha kidogo na muda mwingi, anayeweza kurudi mahali palepale kila wiki kwa miezi mingi, na hasa anayeshughulika na bwawa au ziwa la kina kifupi. Katika kilindi cha Chala, faneli itakaa bila jibu la maana, kwani ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 90 na povu litokalo chini huyeyuka kabla ya kufika juu.

3. Sampuli za maji na hesabu

*Inaona nini.* Maji huchukuliwa katika kina mbalimbali, hutiwa ndani ya bomba la sindano pamoja na hewa kidogo, hutikiswa kwa dakika moja au mbili, kisha hewa hiyo hupimwa. Kutoka hapo hupatikana kiasi cha methani iliyoyeyuka, na kwa kutumia kasi ya upepo hukadiriwa kiasi kinachovuka uso wa ziwa. Mapovu hayaonekani kabisa.

*Inajibu nini kuhusu joto.* Kati ya njia hizi, hii peke yake inaonyesha ghala la gesi lililoko chini na mahali ambapo bakteria wanaila. Kwa Chala haina mbadala. Maji ya chini ya ziwa hilo hayana oksijeni mwaka mzima, na mchanganyiko mkubwa hutokea katika miezi ya baridi na upepo, kuanzia Juni hadi Septemba, bila kufika chini kabisa. Swali la msingi kuhusu ongezeko la joto pale ni kama mchanganyiko huo unazidi kuwa wa juu juu, na kama tabaka lenye methani linapanda. Kipimajoto, kipimaoksijeni na sampuli za kina kumi, zikirudiwa kila mwezi kwa miaka kadhaa, ndizo zinazoweza kulijibu.

*Inadai nini.* Chombo cha kuchotea maji kilindini, kamba yenye alama, vifaa vya kupimia joto na oksijeni, na mtumbwi unaotulia. Udhaifu uko kwenye hesabu ya upepo. Fomula inayotumiwa sana, ya Cole na Caraco ya mwaka 1998, ilitokana na ziwa dogo la New Hampshire nchini Marekani. Chala na Duluti yamekaa ndani ya kreta, yaani mashimo ya volkano, kuta na miti ikiyakinga na upepo, na huko kupoa kwa maji usiku kunaweza kusukuma gesi kuliko upepo wenyewe. Atumiaye fomula hiyo bila kuijaribu kwa chemba angalau katika siku chache za majira tofauti anapata tarakimu nadhifu ambayo hana sababu ya kuiamini.

*Inamfaa nani.* Anayeshughulika na maziwa ya kreta na maziwa yenye kina kirefu, na taasisi inayotaka kuanzisha kumbukumbu ya muda mrefu, kwa kuwa vipimo hivi ni rahisi kukabidhiwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bila mbinu kubadilika. Kwa Chala, akumbuke kwamba ziwa ni la nchi mbili na mpaka wa Kenya unapita katikati yake.

4. Tope katika chupa za maabara

*Inaona nini.* Uzalishaji peke yake. Tope huchukuliwa kwa bomba la kuchomeka, hugawanywa katika chupa, hewa huondolewa kwa naitrojeni, na chupa hutunzwa gizani katika joto tofauti huku methani ikipimwa kila baada ya siku kadhaa.

*Inajibu nini kuhusu joto.* Inalijibu swali la joto moja kwa moja kuliko zote, kwa sababu tope ni lile lile na kinachobadilika ni joto tu. Viwango vichaguliwe vinavyofanana na maisha ya ziwa. Kulinganisha nyuzijoto 10 na 40 kunatoa mchoro mzuri usiohusu maji yoyote ya Kilimanjaro wala Arusha, ilhali 22, 24, 26 na 28 zinagusa kile kinachoweza kutokea. Kumbuka kwamba tofauti ya nyuzijoto 2 inatarajiwa kuleta ongezeko la karibu asilimia 28, na chupa mbili za tope la mahali pamoja zinaweza kupishana kwa zaidi ya hapo. Chupa tatu kwa kila joto hazitoshi. Na hata jibu likiwa wazi, ni jibu la arkea, si la ziwa. Ndani ya chupa bakteria wanaokula methani hawana oksijeni ya kufanyia kazi, hakuna uzito wa maji, na chakula kilichomo kinaisha bila mvua kuleta kingine.

*Inadai nini.* Makabati ya joto, umeme wa uhakika na kromatografu. Umeme ukikatika kwa siku moja, ulinganisho wa joto unaharibika.

*Inamfaa nani.* Aliye ndani ya maabara yenye vifaa, kama zilizoko kwenye taasisi za sayansi za Arusha, na anayetaka kueleza sababu badala ya kiasi.

5. Mnara wa kupima mivumo ya hewa

*Inaona nini.* Vifaa juu ya mlingoti hupima mwendo wa hewa na methani mara 10 au zaidi kwa sekunde, na kutokana na hilo hukokotolewa gesi yote inayopanda kutoka eneo kubwa la maji, mapovu yakiwemo, usiku na mchana.

*Inajibu nini kuhusu joto.* Baada ya miaka kadhaa mfululizo inaweza kuonyesha ziwa zima linavyoitikia mwaka wa joto na mwaka wa baridi. Kabla ya hapo haizidi chemba kwa mengi.

*Inadai nini.* Fedha nyingi, fundi wa kudumu, ulinzi, na mtu anayejua kuzichambua data zake. Inadai pia ziwa lililo wazi na pana. Ndani ya kreta ya Duluti mnara ungepima kwa sehemu kubwa msitu na kuta.

*Inamfaa nani.* Taasisi, au ushirikiano wa taasisi, kwa ajili ya Nyumba ya Mungu.

Mteremko wa mlima kama kipimajoto

Kabla ya kufika kwenye uchaguzi, nieleze njia moja ya kupanga kazi ambayo maeneo yetu yamebahatika kuwa nayo na ambayo, kwa maoni yangu, haijatumika inavyostahili. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka tambarare za Nyumba ya Mungu hadi mwinuko wa Duluti kuna karibu mita 600, yaani tofauti ya zaidi ya nyuzijoto 3, inayokaribiana na makadirio mazito ya ongezeko la joto la karne hii.

Tatizo ni kwamba maji hayo mawili hayafanani kwa kina wala kwa chakula. Maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha yako juu zaidi, lakini yana magadi, na kemia yake inawaweka viumbe wa topeni katika hali nyingine kabisa, hivyo hayawezi kuingizwa kwenye mstari mmoja na Duluti. Kinachofanana zaidi ni mabwawa ya samaki yaliyochimbwa na wakulima katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro: madogo, mafupi, yanayolishwa vyakula vinavyokaribiana, yaliyotawanyika kutoka tambarare hadi juu kwenye migomba na kahawa. Mtu akichagua mabwawa ya umri na malisho yanayolingana katika miinuko tofauti, akaweka faneli na chemba zilezile katika wiki zilezile, anapata ulinganisho wa joto ambao ziwa moja haliwezi kumpa kwa mwaka mmoja. Wenye mabwawa wataelezwa, wataombwa ruhusa, na watapewa matokeo ya maji yao.

Uchaguzi kwa hali

Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na bajeti ndogo aliye Tengeru, karibu na Duluti, atafaidika na chemba tatu au nne pamoja na faneli zilizogawanywa kutoka ukingoni hadi katikati, akipima angalau mizunguko kadhaa ya saa 24 badala ya asubuhi nyingi. Duluti ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali kishughulikiwe kabla ya kununua chochote. Swali lake liwe kiasi na wakati gesi inapotoka. Asijitwike mzigo wa kuthibitisha athari ya ongezeko la joto kwa data za mwaka huo.

Anayetaka hasa kuthibitisha athari ya joto aunganishe chupa za maabara na mabwawa ya mteremkoni. Chupa zitamwambia arkea wanafanya nini joto likipanda, mabwawa yatamwambia ni kiasi gani cha ongezeko hilo kinanusurika hadi hewani. Mojawapo ikikosekana, hoja inabaki na pengo lisiloweza kuzibwa kwa takwimu.

Mtaalamu wa maji wa bonde, ambaye tayari hutembelea Nyumba ya Mungu kwa kazi nyingine, aanze na faneli na rekodi ya kina cha maji, kisha aongeze chemba kwenye matete ya ukingoni. Mnara uje baadaye, iwapo kuna dhamana ya fedha za miaka mitano au zaidi. Mnara uliosimama miezi minane na kuachwa haufikii thamani ya faneli kumi zilizohudumiwa vizuri.

Kwa Chala, sampuli za kina kwanza. Chemba ziende pamoja nazo kati ya Juni na Septemba, wakati maji yanapochanganyika na gesi iliyokaa ghalani inaweza kutoka kwa siku chache tu, ambazo asiyekuwepo hataziona.

Mwalimu wa sekondari anayetaka wanafunzi wake waione methani kwa macho anaweza kuweka faneli moja katika bwawa la samaki la jirani na kupima ujazo wa gesi na joto la maji kila wiki kwa muhula mzima. Wasiiwashe gesi hiyo, na wasiseme ni methani yote mpaka sampuli ipimwe. Waandike tarehe, saa, joto, kina cha maji na hali ya hewa ya siku hiyo katika daftari moja linalokaa shuleni, ili darasa la mwakani liendelee kuanzia walipofikia.